Kifundo cha Mkono wa Kulia

Walinipa dakika tatu. Njeri, binti wa marehemu, alinijia mlangoni mwa kanisa kule Lakeville, Minnesota, akiwa na karatasi ya ratiba mkononi, akaniambia kwa Kiingereza kwamba mama yake angependa niseme neno, kwa kuwa niliishi kwao muda mrefu kuliko mpangaji mwingine yeyote. Nilisimama mbele ya jeneza nikasema kwamba Mama Njeri alinipokea nikiwa sina mtu katika mji huu, kwamba alikuwa nesi aliyeijua kazi yake, na kwamba aliniuguza nilipofanyiwa upasuaji wa mkono. Yote hayo ni kweli. Watu wakatikisa vichwa kukubali, nami nikarudi kukaa kabla dakika ya pili haijaisha. Baadaye tukiwa ukumbini, sahani za pilau na kabichi mapajani, mama mmoja nisiyemfahamu alinipa mkono wa pole, akahisi kwamba kifundo changu hakipindi. Aliutazama mkono, akanitazama usoni, asiulize. Nilipokuwa nikiendesha gari kurudi nyumbani niliwaza kwamba nilichokisema kanisani kilikuwa sahihi na hakikufika hata nusu ya mambo yenyewe.

Nilikuwa na miaka ishirini na minane. Ya kwetu Same nayaacha, hayahusiki hapa. Nilipanga chumba cha chini ya nyumba ya Mama Njeri huko Savage, chumba chenye zulia la rangi ya chai ya maziwa na dirisha moja dogo lililokuwa usawa wa ardhi, kiasi kwamba kuanzia Desemba theluji ililiziba na nikawa sioni nje mpaka Machi. Ukutani, juu ya kitanda, palikuwa na tundu la kupitishia hewa ya moto kutoka kwenye tanuri la nyumba. Tundu hilo liliunganika na la jikoni juu, na lilileta joto, harufu ya vitunguu, na maneno. Mama Njeri alifanya kazi hospitalini zamu za usiku. Alirudi asubuhi, akapika chai, akakaa mezani na viatu vyake vyeupe bado miguuni. Ni yeye aliyenitafutia kazi katika jiko la nyumba ya wazee, Burnsville, na katika mwaka wa kwanza alinipeleka huko kwa gari lake mpaka nikapata langu.

Mkono ulianza kuuma miezi michache baada ya kuhamia kwake. Kwanza vidole vilikuwa vigumu asubuhi, kisha kifundo cha mkono wa kulia kikavimba, kikawa cha moto ukikigusa. Nilimwonyesha Mama Njeri tukiwa mezani. Aliubonyeza kwa vidole viwili akasema, "Hii ni baridi tu. Kila mtu akija Minnesota mwaka wa kwanza anaumwa. Vaa glavu mzuri." Kwetu ugonjwa wenyewe tunauita baridi yabisi, kwa hiyo maneno yake niliyaona kuwa na maana. Nilinunua glavu. Akanipa dawa ya kuchua yenye harufu kali, nami nikajichua nayo mwaka huo na uliofuata. Nilijifunza kufungua mlango wa gari kwa mkono wa kushoto. Nilijifunza kuibeba trei ya sahani kwa kuiegemeza kwenye mkono kama anayebeba mtoto. Siku moja nilidondosha sufuria ya uji wa shayiri, uji wa wazee arobaini ukatapakaa sakafuni, na msimamizi wa jiko, mwanaume mpole asiyependa maneno mengi, akaniambia nisirudi kazini mpaka nimwone daktari.

Daktari aliweka picha ya eksirei kwenye taa, akanionyesha mahali ambapo panapaswa kuwa na nafasi kati ya mifupa. Hapakuwa na nafasi. Alinieleza kwamba ugonjwa wangu si wa uzee wala wa hali ya hewa, ni mwili unaojishambulia wenyewe, na akanianzishia dawa siku hiyohiyo. Dawa zilisaidia viungo vingine vyote. Mpaka leo zinasaidia. Lakini kifundo kile kilikuwa kimekwisha kuharibika, na dawa hairudishi kilichokwisha kulika. Akanipeleka kwa daktari wa upasuaji, mwanamke mwembamba aliyezungumza polepole ili nimwelewe. Alisema naweza kuendelea hivyo, kwa vidonge na sindano, mpaka nitakaposhindwa. Naweza kuwekewa kifundo cha bandia, ila kwa umri wangu na kazi ya kubeba masufuria kitachakaa, kisha kitolewe. Au wanaweza kukifunga: wakwangue kilichobaki cha kiungo, waweke chuma na skrubu juu ya mifupa, na mifupa iungane iwe mfupa mmoja. Vidole vitafanya kazi. Nitaweza kugeuza kiganja juu na chini. Lakini kifundo hakitapinda tena, maisha yangu yote, na uamuzi huo haurudi nyuma.

Nilipomweleza Mama Njeri alikuwa anamenya viazi vya mukimo, vya kuponda. Hakuacha kumenya. "Watafunga hiyo kitu, halafu?" alisema. "Wewe ni msichana mdogo, Eli. Ma-surgeon ni watu wa kukata, mimi nafanya na wao kila siku. Ukishafungwa umefungwa. Nani atakuajiri na mkono ya mbao?" Nikamwambia hata sasa mkono haufanyi kazi. Akasema dawa ndiyo kwanza zimeanza, nizipe muda, ningoje mwaka. Alisema hivyo siku ile na siku nyingi zilizofuata, kwa sauti ya mtu anayetoa ushauri wa kitaalamu, nami nilimwamini kwa sababu alikuwa nesi na mimi nilikuwa mpika uji.

Yule daktari hakunisukuma. Alinituma kwa mtaalamu wa tiba ya mikono, mama wa Kizungu mwenye nywele fupi za mvi, ambaye alilowesha kipande cha plastiki katika maji ya moto kikalainika, akanizungushia kwenye mkono kikagandia hapo. Lilikuwa banzi la majaribio. Alitaka nilivae wiki mbili, nifanye kazi zangu zote nikiwa nalo, ili nijue maisha ya kifundo kisichopinda yanafananaje kabla ya mtu kunikata. Sikuwa nimewahi kuutazama mkono wangu kama wiki zile mbili. Niligundua kwamba kifundo hupinda unapokamua kitambaa, unapojisafisha chooni, unapofunga sidiria, unapoingiza mkono mfukoni. Kusonga ugali kulinishinda siku ya kwanza, na siku ya nne nikagundua kwamba nikishika mwiko kwa mikono miwili na kutumia mabega, unasongeka. Kilichonishangaza ni jambo ambalo sikuwa nimelingojea. Nikiwa na banzi sikuumia. Nililala mpaka asubuhi.

Kazini, mtu niliyekula naye wakati wa mapumziko alikuwa Mama Furaha, mwosha vyombo wetu, mwanamke wa Uvira, Kongo, aliyefika hapa na wanawe baada ya miaka mingi katika kambi ya wakimbizi. Alilitazama banzi langu akitafuna mkate.

"Dada Eli, iyo mukono inakuumaka saa yote ao saa ya kazi tu?"

"Saa zote, mama. Sasa hivi haiumi kwa sababu ya hiki kidude."

"Na kama docteur anaifunga, itabakia vile?"

"Ndivyo anavyosema."

Akamaliza mkate wake. Kesho yake alikuja kazini amejifunga kifundo cha mkono wake wa kulia kwa kijiko cha mbao na utepe wa gundi wa kufungia maboksi, raundi nyingi, juu ya mkono wa sweta. Msimamizi alimuuliza kama ameumia, akatikisa kichwa kukataa. Aliosha vyombo vya kifungua kinywa na vya chakula cha mchana akiwa hivyo. Alikuwa wa taratibu kuliko kawaida, na mara mbili nilimwona akisimama mbele ya sinki akiufikiria mkono, kama mtu anayetafuta njia ya kuingiza kitanda kwenye mlango mwembamba. Zamu ilipoisha alikaa kwenye kreti la maziwa, akaibandua ile gundi, akanipa majibu. "Ile sufuria kubwa njo problème. Ingine yote inafanyika. Ile kubwa nitakuwa nakubebea." Kisha akavaa koti akaenda kungoja basi.

Bado sikuamua. Nilikuwa mtu wa kungoja kuambiwa na mkubwa, na mkubwa wangu hapa alikuwa Mama Njeri. Ilikuwa mwezi wa pili, asubuhi ya siku yangu ya mapumziko. Nilikuwa nimelala kitandani, yeye akarudi kutoka zamu bila kujua kwamba niko nyumbani, maana gari langu lilikuwa kwa fundi. Nilisikia maji ya chai, kisha nikasikia simu. Alizungumza na rafiki yake wa kanisani anayekaa Champlin, Mkamba, ndiyo maana mazungumzo yao yalikuwa ya Kiswahili. Lau angekuwa anaongea na dada yake kwa Kikuyu, nisingejua lolote mpaka leo.

"Miaka mbili nimekaa na yeye meza moja," alisema. "Miaka mbili. Mimi ni nesi. Angekuwa mgonjwa wangu ningeandika ripoti siku ya kwanza, hiyo mkono ilikuwa imevimba hivi." Akasikiliza kidogo. "Hapana, nilijua. Si kusema sikujua. Nilijua si baridi. Nilikuwa nimechoka, dada. Nalisha wagonjwa usiku mzima, sikutaka mwingine nyumbani. Nikasema wacha nimpe dawa ya kuchua." Kijiko kiligonga kikombe. "Sasa wakimfunga huo mkono, kila asubuhi nitakuwa naiona hapa mezani. Ndio namwambia angoje. Pengine itapona."

Tanuri likawaka, hewa ikaanza kuvuma kwenye tundu, na sikusikia mengine. Nilikaa kitandani. Sikulia na sikupanda ngazi. Nilichukua simu nikapiga kliniki saa ileile, kwa sauti ya chini, nikasema nimekubali. Karani aliniuliza nani atakayenirudisha nyumbani siku ya upasuaji na kukaa nami, maana hospitali haimruhusu mgonjwa kuondoka peke yake. Nikamtajia jina kamili la Mama Njeri, nikamwendelezea herufi moja moja. Nimejiuliza mara nyingi kama nilikubali upasuaji kwa sababu ya maumivu au kwa sababu ya mwanamke yule. Nilikuwa na sababu nzuri za kukubali, nilikuwa nazo kabla ya asubuhi ile, na bado sikuwa nimepiga simu. Zaidi ya hapo siwezi kusema.

Nilipompa taarifa hakubisha. Aliuliza tarehe, akabadilishana zamu na mwenzake. Asubuhi ya upasuaji aliketi kando ya kitanda changu akiwa amevaa nguo za kanisani. Daktari alikuja na kalamu, akaandika herufi za jina lake juu ya mkono unaohusika, kisha akauliza mara ya mwisho kama nina swali. Nikamuuliza atakifunga kikiwa kimekaaje. Akauinua mkono wangu, akaukunja kidogo kuelekea nyuma, kidogo sana, kama mkono wa mtu anayeshika kikombe. "Hivi," alisema. "Hapa ndipo ngumi inapata nguvu." Niliutazama ili nikumbuke. Mama Njeri naye aliutazama. Kisha wakanichoma sindano ya ganzi begani, mkono ukawa si wangu tena, na wakanisukuma kwenda chumba cha upasuaji.

Ganzi iliisha tukiwa nyumbani, jioni, na maumivu yake sitayaeleza, walioyapata wanayajua. Mama Njeri alikuwa ameandaa daftari. Alichora mistari: saa, dawa, joto la mwili, rangi ya vidole, maumivu. Alishuka ngazi kila baada ya saa nne, akanibonyeza kucha kuona kama damu inarudi, akauliza, "Moja mpaka kumi?" nami nikataja namba, akaandika. Hakuniita mpenzi wala mwanangu, alikuwa nesi tu, na alikuwa nesi mzuri sana. Siku ya tano nilisema nane wakati ilikuwa kama nne. Alipanda ngazi mbio kumpigia daktari simu, nikasikia miguu yake juu ya dari, na vishindo vyake vya haraka vikanifurahisha. Naliandika hili kwa sababu sikulisema kanisani.

Wiki zile nilikula kwa mkono wa kushoto, jambo ambalo nyumbani kwetu halifanyiki, na siku za kwanza niliona haya hata nikiwa peke yangu. Kisha niliona kwamba vyakula vya Mama Njeri vimebadilika. Ugali ulitoweka. Chapati zilitoweka. Kukaja githeri, mahindi na maharage yaliyopikwa mpaka yakalainika, wali wa maji mengi, supu ya kuku aliyekwisha kuchambuliwa mifupa, vitu vya kijiko. Baada ya wiki mbili walitoa nyuzi wakanifunga plasta ngumu kutoka kwenye vidole mpaka karibu na kiwiko. Njeri, aliyekuwa shule ya sekondari, aliniandikia juu yake jina langu kwa herufi za rangi. Mama yake alinifumua nywele na kunisuka upya kila Jumamosi, mimi nimekaa sakafuni, yeye kwenye kochi, magoti yake yakigusa mabega yangu. Tulizungumza kuhusu bei ya nyama, kuhusu mchungaji mpya, kuhusu theluji inayochelewa kuyeyuka. Lile tulilopaswa kulizungumza lilikaa nasi, na sote wawili tulilizoea.

Plasta ilipotolewa, mkono ulikuwa mwembamba, wa kijivu, umejaa magamba, na kovu limenyooka katikati kama mshono wa gunia. Yule mama wa tiba ya mikono alinipa udongo laini wa kuchezea watoto niukande, na sarafu za hapa nizitoe moja moja kutoka kwenye bakuli la mchele. Vidole vilikuwa vimesahau kazi. Mwezi wa saba nilirudi jikoni Burnsville. Nilikuwa nimejiandaa kueleza, lakini hakuna aliyeuliza sana. Wazee walitaka uji. Mama Furaha alikuja akaibeba sufuria kubwa kutoka kwenye jiko mpaka kwenye sinki, na akaendelea kuibeba kwa miaka minne, mpaka alipopata kazi nyingine. Kifundo hakikuuma. Siku nyingine nilikisahau kabisa, nikakumbuka tu nilipotaka kuingiza mkono katika gudulia lenye mdomo mdogo.

Machi iliyofuata nilikuwa na miadi ya mwaka mmoja tangu upasuaji. Sikuhitaji mtu wa kunisindikiza, nilikuwa naendesha mwenyewe, lakini asubuhi ile Mama Njeri alinikuta mlangoni akiwa amekwisha kuvaa koti. "Nitakupeleka," alisema. Na kule kliniki, nilipoitwa, akainuka akaingia nami.

Daktari alituonyesha picha: mfupa mmoja, mweupe, na chuma juu yake. Aliridhika. Alikuwa ameanza kuinuka aondoke wakati Mama Njeri alipozungumza, kwa Kiingereza chake cha kazini, kila neno mahali pake. Aliuliza, kama mgonjwa huyu angeletwa miaka miwili mapema, kifundo kilipoanza kuvimba, kingehitaji kufungwa? Daktari alikaa tena. Alisema hakuna anayeweza kujua kwa hakika. Alisema dawa zikianza mapema mara nyingi zinakiokoa kiungo. Alisema, akimtazama yeye wala si mimi, kwamba kwa maoni yake huenda isingehitajika. Mama Njeri alimshukuru, akachukua mkoba wake.

Tulishuka kwa lifti mpaka kwenye maegesho. Tulikuwa tumesimama kwenye taa nyekundu karibu na Burnsville, theluji chafu kandokando ya barabara, alipoanza bila kunitazama.

"Umesikia daktari."

"Nimesikia."

"Nilitaka usikie kutoka kwa mtu mwingine, sababu mimi nimejaribu kusema nikashindwa. Niliona hiyo mkono, Eli. Nilijua si baridi."

"Najua, mama. Nilijua."

Aligeuka. "Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa pili, mwaka jana. Ulikuwa unaongea na simu jikoni, mimi nilikuwa chini. Lile tundu linapitisha maneno."

Alifikiri. Niliona akiihesabu miezi, daftari, supu, Jumamosi zote zile za kusuka.

"Na hukuhama."

"Sikuhama."

"Kwa nini?"

Ningeweza kumjibu vizuri, na labda alistahili. Nilimwambia ilivyokuwa. Nilimwambia kwamba mwanzoni nilikaa kwa sababu nilikuwa na mkono mmoja na sikuwa na pa kwenda. Baada ya hapo nilikaa kwa sababu nilitaka auone mkono huu kila asubuhi mezani. Na baada ya hapo, nikamwambia, sikumbuki kwa nini. Nilikuwa naishi pale tu.

Alisikiliza yote matatu, mikono yake miwili juu ya usukani.

"Hiyo ya mwisho," alisema, "ndiyo nitachukua."

Taa ilikuwa imegeuka kijani zamani, na gari la nyuma likapiga honi. Akaondoa gari.